Rivyu: siku kumi na mameneja wa sanaa wa Ulaya na wa Kiarabu hapa Amu

Kuna watu kama wanne hivi washanipigia simu kuniuliza ile programu ya mameneja wa sanaa iliyokuja hapa Amu (Lamu) mwezi wa kwanza ilikuwaje na kama wakiitwa mwakani waende ama waache, sasa badala ya kurudia maneno yaleyale kila siku acha niandike nimalize, na ntasema yote, mazuri na mabaya, sababu nlikuwemo mwanzo mpaka mwisho na hakuna mtu alonipa kitu niandike. Nyota zangu ni tatu na nusu kwa tano. Zingekuwa nne na nusu kama si mambo ya pesa, na hayo ntayafikia.

Kwa asojua, hawa si wasanii wenyewe. Mwimbaji anaimba, fundi anachonga, hawa kazi yao ni kutafuta pesa, kuandika barua, kukodi ukumbi, kuhangaika na viza, kuhakikisha spika zimefika kabla ya mwimbaji na mwimbaji amelipwa kabla hajaondoka. Wenyewe wanajiita kalcha meneja. Walikuja kumi na mbili, sita wa Ulaya (wawili wa Ufaransa, na mmoja mmoja wa Ujerumani, Ureno, Poland na Finland) na sita wa nchi za Kiarabu (Tunisia, Misri, Lebanon, Jordan, Morocco na Oman), kila Mzungu amefungwa na Mwarabu mmoja wafanye mradi mmoja kwa mwaka mzima, na Amu ndo pahali pa kukutana na kuupanga. Sisi wenyeji tulichukuliwa watatu: mimi kwa niaba ya kikundi chetu cha kina mama wa vugo, ile ngoma ya harusi, na wa kusuka ukili, fundi mmoja wa nakshi mtu mzima, na kijana mmoja anaepiga udi. Tulilipa shilingi elfu tano kila mtu, chai ya asubuhi na chakula cha mchana ndani. Kwa siku kumi za mafunzo hio si bei mbaya hata kidogo, nishawahi kulipa zaidi ya hio kwa semina ya siku mbili Mombasa nikarudi na kalamu na faili.

Mtindo huu wa wawili wawili haukuanza na hawa. Kulikuwa na programu ikiitwa Tandem Shaml, ilianza 2012, ilikuwa ya European Cultural Foundation ya Amsterdam na MitOst ya Berlin wakishirikiana na Al Mawred Al Thaqafy kwa upande wa Waarabu. Tandem ni ile baiskeli ya watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma wote wanakanyaga, na shaml kwa Kiarabu ni watu walotawanyika wakakusanywa wakawa pamoja. Mpango ulikuwa mtu anaenda kukaa kazini kwa mwenziwe siku kadhaa, aone anavofungua ofisi, anavogombana na mkandarasi wa taa, anavokosa usingizi siku ya mwisho ya kupeleka maombi, kisha yule nae anakuja kwake. Hawa walokuja kwetu wamefuata njia hiohio, tofauti yao ni kwamba kabla ya kutembeleana walitaka kwanza wakutane pahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule.

Na hilo wazo mimi nalisifu kwa moyo wangu wote. Bibie wa Jordan alitupa kisa chake siku ya pili, kwamba mara mbili amealikwa Ulaya kwenye mikutano ya kuzungumzia ushirikiano, mara mbili amenyimwa viza, wenziwe wamekaa kuzungumza habari zake nae yuko Amman anaangalia kwa simu. Hapa yeye na yule Mjerumani wamejaza fomu ileile moja ya eTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya kilichoanza Januari 2024, wameshuka Manda na ndege moja, wamepanda boti moja, na maji yalikuwa yamekupwa siku hio kwa hivo wote wawili wamepanda zile ngazi za gati zenye utelezi wakishikwa mkono na mabaharia walewale. Hakuna mwenye nyumba hapo. Ukikutana na mtu kwake, hata awe mwema vipi, yeye ndo anaejua choo kiko wapi, wewe unauliza. Hapa wote walikuwa wanauliza.

Lakini mwenye nyumba yupo, na ndo sisi, na jambo hili lilichukua siku kama tano kuwaingia.

Nyumba walokodi iko mtaa wa Mkomani, ya kale, ghorofa mbili na dari juu, vidaka vimerekebishwa vizuri, ua katikati wenye mti wa yasmini. Safi. Joto la kaskazi lilikuwepo lakini darini upepo hauishi. Intaneti ilikuwa nzuri asubuhi, jioni kila mtu akiingia inazubaa, na stima ilikatika mara mbili na jenereta ikawashwa haraka. Projekta ilikataa kuwaka siku ya kwanza wakatumia ukuta wa chokaa na karatasi kubwa, na kwa maoni yangu ilikuwa bora vile, watu walitazamana.

Chakula alipika mama mmoja wa hapohapo Mkomani na kwake natoa nyota tano bila kufikiri. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, mahamri na mbaazi asubuhi, siku ya Ijumaa biriani, na kahawa chungu na halua kila alasiri. Yule wa Oman alipoionja halua alinyamaza kitambo, akasema kwao Muscat wanaipika hivihivi ila wao wanazidisha maji ya waridi, na kuanzia hapo yeye na mpishi hawakuachana, kila asubuhi yuko jikoni anauliza na kuandika. Nikaona pale jikoni palifanyika ushirikiano mwingi kuliko ukumbini, na hakuna aliyeuandikia ripoti.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Siku ya kwanza wazee wa mtaa walialikwa wasalimiwe. Yule bwana wa Tunisia akajitambulisha kwa Kiarabu, akasema yeye ni mudir wa mambo ya thaqafa. Mzee mmoja, mtu wa umri, akageuka akamuuliza mwenziwe, "Mudiri? Wamerudisha mamudiri?" Maana huku pwani neno hilo tunalijua, zamani za ukoloni kulikuwa na Liwali na chini yake Mudiri, hao ndo walikuwa serikali ya watu wa ukanda wa pwani, wakikaa barazani na kuamua kesi. Ilibidi nieleze pande zote mbili, na yule Mtunisia badala ya kucheka akauliza maswali nusu saa, mudiri alikuwa anafanya nini, watu walimpenda ama walimuogopa, na mwisho akasema kuanzia leo hajiiti mudir hapa Amu, anajiita mtumishi wa kikundi fulani, bas. Nikampenda siku hio.

Kuhusu Kiarabu watu wasidhani kwamba kwa kuwa tumesoma madrasa tutaelewana na kila Mwarabu. Kijana wetu wa udi anasoma vizuri sana lakini Mmorocco akizungumza na simu hashiki neno. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawashikani, Mmorocco na Mlebanon wanaishia kwa Kifaransa. Wakizungumza fusha, kile Kiarabu sanifu cha vitabuni, taratibu tunafuata, na hapo maneno yetu yanaanza kujitokeza, sanaa, tarabu, nakshi, hata hili la utamaduni ambalo sisi tunalitumia pale wao wanaposema thaqafa. Mkalimani walomleta alikuwa wa Kiingereza na Kiarabu tu. Kiswahili walidhani tutajitegemea na Kiingereza chetu. Hili ni kosa, naliandika hapa wazi, sababu fundi wa nakshi mwenye miaka hamsini kazini hawezi kukaa kama bubu kwenye karakana yake mwenyewe, mpaka nikajitolea kutafsiri mimi, bila malipo, siku tisa kati ya kumi.

Walipelekwa kutembea mji, ziara ya kawaida, Ngome, Makumbusho, Nyumba ya Kiswahili. Kwa mtu wa hapa ni mambo ya kila siku lakini nlifurahi mwongozi hakuyapitia juujuu. Pale kwenye ile nyumba ya Posta ya Wajerumani dada wa Leipzig, yule Mjerumani, alisimama, hakuwa anajua kabisa kwamba watu wake walifungua posta Amu 1888 wakaifunga 1891, baada ya ule mkataba wa 1890 ambao Ujerumani ilimwachia Mwingereza Witu. Na Ngome, walipoambiwa ilijengwa baina ya 1813 na 1821 zile siku Amu imeanza kumtegemea Sultani wa Oman, na kwamba baadae Waingereza waliigeuza jela na ikabaki jela mpaka 1984, yule wa Oman akasema polepole, kwa hivo sote tulishawahi kuja. Ndio, wote walishawahi kuja. Mji huu UNESCO waliuandika kuwa urithi wa dunia 2001 na katika mambo walosifu ni huko kuchanganyika, Bantu, Mwarabu, Muajemi, Mhindi, Mzungu, lakini kuchanganyika hakukuwa mara zote kwa ridhaa na nlitaka walijue kabla hawajaandika neno "mazungumzo" kwenye makaratasi yao.

Karakana ya fundi ndipo mambo yalipobadilika. Dada wa Leipzig na bwana wa Tunisia mradi wao ulikuwa mlango. Wameandika kurasa nane, mlango utachongwa Amu, nusu nakshi za huku, nusu za Tunisia, upelekwe Ujerumani uonyeshwe, kisha Tunis uonyeshwe, na watu wapite ndani yake wakisikia sauti. Wakamsomea fundi, mimi natafsiri, mzee anasikiliza huku anapangusa patasi zake kwa kitambaa. Walipomaliza akauliza swali moja.

"Binti yangu, mlango huu unaenda nyumba ya nani?"

Wakasema hauendi nyumba ya mtu, ni wa maonyesho. Mzee akasema sawa, lakini mimi mlango naupima kwa ukuta, ukuta wa matumbawe una unene wake, naangalia unatazama wapi, jua linaupiga saa ngapi, mwenye nyumba ana nini, anataka nini juu kwenye kizingiti, mfaa wa katikati nauchonga nikijua nani ataushika kila asubuhi. Mlango usio na nyumba mimi sijui nianzie wapi. Hakusema kwa ukali. Akawapa kila mmoja kibao cha mti laini na patasi akawafundisha mnyororo, ile nakshi ya pembezoni mwa mlango, na wakakaa pale mpaka adhuhuri, vumbi mpaka kwenye nyusi, yule Mtunisia mikono ilikuwa inamjua kidogo sababu kwao babu yake alikuwa seremala, dada wa Leipzig alijikata kidole akafungwa akaendelea. Kisha wakaja siku ya pili bila kuambiwa. Na ya tatu.

Siku ya tatu ndo wakasema wenyewe kwamba mlango hautasafiri. Mbambakofi ni mti mzito, nauli yake peke yake ingekula nusu ya pesa, na mti nao unataka karatasi zake kuvuka mpaka, na baada ya maonyesho ya pili hakuna aliyekuwa amefikiria utakaa wapi. Sasa mlango utachongwa ukae hapahapa, kwenye chumba cha kikundi chetu cha kina mama ambacho mpaka leo kina mlango wa mabati, na kitakachosafiri ni michoro, sauti za karakana, na fundi mwenyewe, aende Tunis na Leipzig akafundishe mnyororo kwa mikono yake. Viza ya fundi ikaandikwa kwenye bajeti na muda wake, miezi mitatu kabla. Mimi nasema hata kama programu nzima isingezaa kitu kingine, hizo asubuhi tatu zinatosha kulipia elfu tano yangu.

Upande wa udi ulikuwa mzuri pia. Kijana wetu alikaa na yule wa Lebanon aliyekuwa na udi wa mafundi wa Damascus (uundaji na upigaji wa udi UNESCO waliuandika 2022, kwa ombi la Syria na Iran) wakalinganisha makamu, yaani ngazi za sauti za muziki, wakapiga tarabu ya kikwetu na ya kikwao mpaka usiku pale darini. Wapitao njiani walikuwa wanasimama.

Alasiri ya kina mama sasa. Hii ndo nlioitia maanani zaidi sababu wao ni watu wangu. Tulikubaliana vugo tutalicheza kwa wageni wanawake tu, uani, milango imefungwa, na hakuna picha. Vugo ni la harusi, zile pembe zinagongwa, mama zetu wanaimba maneno ambayo hayatoki nje ya ua ule, na wengine wamevua mabuibui wamejipamba. Nlilisema hili mara tatu, kwa Kiingereza, na mkalimani akalisema kwa Kiarabu. Nlikuwa na wasiwasi na Wazungu, nakiri. Lakini dada wa Finland mwenyewe ndie alokusanya simu za wenziwe akazitia kwenye kikapu cha ukili akakifunika. Alotoa simu nyingine kwenye mkoba na kuanza kurekodi ni bibie wa Misri, meneja wa muda mrefu, kwa fikra zake yeye ni kama wa nyumbani, kwamba yale makatazo yalikuwa ya wale wengine.

Bi mkubwa wetu wa kikundi, ambae ana zaidi ya miaka sabini, alishusha pembe yake chini. Wote wakanyamaza. Akamwambia, "Mwanangu, hata binti yangu wa kumzaa simruhusu." Bas, hakuongeza.

Bibie yule alifuta mbele ya kila mtu, akaomba radhi, akalia, na bi mkubwa akamkalisha karibu nae akampa pembe agonge. Na usiku kwenye kikao aliinuka akasimulia mwenyewe bila kulazimishwa, akasema huko kwao ndo anavofanya, anaingia vijijini anarekodi wanawake kwa kuwa ni mwenzao, na hajawahi kuuliza kama wanamhesabu mwenzao. Hicho kikao kilikwenda mpaka saa sita na ndo nlioona watu wanafanya kazi ya kweli. Mfaransa mmoja akasema kwao wana fomu ya ruhusa ya picha, mtu anatia sahihi imekwisha. Nikamuuliza fomu ni ya lugha gani, na mtu akitia sahihi leo akakataa kesho anaenda wapi? Wakaandika utaratibu mpya, kwamba ruhusa inaombwa mara mbili, kabla na baada ya kuona kilichorekodiwa, na anaeamua ni kikundi, si mtu mmoja mwenye haya za kukataa.

Matondoni twende haraka. Walipelekwa kwa boti kuona majahazi yanavyoundwa na kina mama wanavyosuka miyaa, lakini ratiba iliandikwa kutoka ofisini kwao nje ya nchi bila kuuliza maji. Saa waloandika maji yamekupwa, tukakwama kwenye mchanga saa nzima na robo, jua la utosi. Nahodha yeyote wa hapa angewaambia kwa simu ya dakika moja. Na Ijumaa walikuwa wameweka kikao saa saba mchana! Kilisogezwa, lakini baada ya mimi na yule wa Oman kusema, na nashangaa sababu nusu ya wageni wanaswali.

Haya, pesa.

Siku ya saba kulikuwa na somo la bajeti na mwalimu wake alikuwa mzuri sana, hilo sitamnyima. Alieleza kwa nini wafadhili wa Ulaya wanatoa sehemu kubwa mwanzo na wanashika iliobaki mpaka ripoti ifike, kwa nini kila senti inataka risiti, na kuna mlango gani kwa nani. Kwa mfano Creative Europe, ule mfuko wa Umoja wa Ulaya wa 2021 mpaka 2027, una zaidi ya euro bilioni mbili, na Tunisia iliingia kwenye mpango huo 2017 kwa hivo meneja wa Tunis anaweza kuomba akiwa mshirika kamili, Kenya haimo. Ule mfuko wa Kiarabu wa AFAC, wa Beirut, ulioanza 2007, ni wa wasanii wa Kiarabu, na sisi hatumo pia, hata uwe na ukoo mpaka Hadhramaut. Sisi tunaangukia ile ya ACP na Umoja wa Ulaya, ya nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Mambo haya hakuna mtu alokuwa ametueleza, na kwa hilo peke yake viongozi wa vikundi wanafaa kwenda.

Halafu wakatoa bajeti ya programu yenyewe ionekane kama mfano wa kujifunzia. Nguzo mbili, yaani safu mbili za hesabu. Moja imeandikwa Ulaya, moja imeandikwa Waarabu. Nikatafuta sisi. Sisi tuko chini, mstari mmoja, "wenyeji", ndani yake maji ya chupa, boti, chai na punda wa kubeba mizigo. Nikaendelea kushuka, nikakuta pahali pengine kumeandikwa mchango usio wa pesa, na humo ndani kuna masaa ya fundi, masaa ya kina mama wa vugo, masaa ya mkalimani wa Kiswahili, ambae ni mimi, yote yamethaminiwa kwa euro, kwa kiwango kizuri tu, yamehesabiwa kama kitu walichochangia wao upande wao ili mfadhili akubali kutoa iliobaki.

Nataka nieleze hili vizuri sababu ni jambo la kawaida kumbe na halivunji sheria. Mfadhili anasema mimi natoa sehemu fulani, nyie tafuteni iliobaki, na iliobaki si lazima iwe noti, inaweza kuwa ukumbi wa bure, kazi ya kujitolea, vifaa. Sawa. Lakini anaejitolea si ajue kwamba anajitolea? Fundi alijua amealikwa kama mwalimu. Kina mama waliahidiwa bahashishi siku ileile. Saa zetu zimekuwa pesa kwenye karatasi ya watu wengine na kwetu hazijafika.

Nilisimama nikasema. Sauti ilinitetemeka lakini nilisema. Mratibu wao alikuwa na adabu, akasema ni utaratibu, na malipo ya kina mama yatakuja. Yakaja baada ya wiki saba, sababu hazina yao ilitaka namba ya akaunti ya benki ya kila mama na wengi wao wana M-Pesa tu, kisha ikataka risiti, mwenye punda ana risiti gani? Mwisho nikawatengenezea fomu ya ukurasa mmoja, jina, namba ya kitambulisho, kazi iliofanywa, sahihi ama dole gumba, na pembeni ujumbe wa M-Pesa umepigwa chapa. Wakaikubali. Kumbe ingekubaliwa tangu siku ya kwanza. Mama mmoja hizo wiki saba alikuwa amekopa kwa ajili ya karo akitegemea ahadi ile, na alokuwa akigongewa mlango usiku kuulizwa ni mimi, si mratibu.

Hio ndo nyota moja ilokwenda.

Kwa hivo wanaoniuliza waende ama wasiende, nendeni. Walimu wanajua kazi, ratiba ina nafasi ya watu kupumua na kuzungumza, na kule kuwakutanisha Mwarabu na Mzungu pahali ambapo wote ni wageni kunafanya kazi kweli, nimekuona kwa mato yangu. Lakini kabla ya kutia sahihi ombeni bajeti nzima, si ukurasa wenu tu. Ulizeni saa zenu zimeandikwa wapi na kwa bei gani. Ulizeni mkalimani wa Kiswahili ni nani na analipwa na nani, malipo yatapita njia gani na siku gani, na nani ameuliza maji na swala kabla ya kupanga ratiba. Mkiwa kina mama mambo ya picha yaandikwe mwanzo, kwa Kiswahili.

Na hili limeingia juzi tu nikaona niliongeze. Dada wa Leipzig na bwana wa Tunis wameniletea bajeti ya mradi wa mlango kwa WhatsApp. Ina nguzo tatu. Ya tatu imeandikwa Amu, juu kabisa, sawasawa na zile mbili, na ndani ni tupu, wamesema tujaze sisi, masaa ya fundi, mbao, mkalimani, kina mama, chochote tunachoona, wanaitaka Ijumaa baada ya swala. Nimeipiga chapa kwa kaka wa kibanda cha fotokopi hapa Langoni, na yeo baada ya isha naenda nayo kwa bi mkubwa, fundi ameshasema atakuja na kalamu yake.